Mfuniko wa Pili

Wa kwanza ulikuwa bado juu ya injini,
umeng'ang'ania bolti zake kama kupe.
Wa pili niliukuta Muheza, uani kwa Mama Hizza,
umelazwa chali, umejaa maji,
na kuku saba wanakunywa humo.

"Hicho chombo cha kuku," akasema.
Hapana mama, huo ni mfuniko wa valvu,
upande wa kushoto, silinda nne kati ya nane,
Shevroleti ya yule meneja Mgiriki wa shamba la mkonge,
ile ikinguruma barabarani
nyinyi mnakimbilia kuanua nguo.

Akacheka. "Nguo nilianua, kweli.
Na kuku watanywea wapi?"

Tukapatana mabeseni mawili ya plastiki, moja la bluu,
na nauli ya mjukuu wake mpaka Korogwe.
Nikamwaga maji. Nikaugeuza.
Chini ya kutu na kinyesi
namba za kiwandani zimekaa vilevile, tarakimu saba,
hazijui kwamba meneja alishaondoka.

Mwenye gari yuko Dar. Kila jioni simu:
"Singano, mimi nataka orijino."
Analitamka neno hilo kama jina la dawa.
Nami wiki ya sita naitafuta hiyo orijino
kwa wauza vyuma chakavu wa Duga, nyuma ya karakana ya reli;
kabureta niliikuta Pongwe, imezuia mlango usibamizwe na upepo;
kifuniko cha chujio la hewa kilikuwa Makorora
kinakaanga chapati,
na mwenyewe akaapa hatapata tena chuma kisichounguza.

Barabara ya Nane, Ngamiani, kuna mlango wa bati usio na kibao.
Humo Rukaiya Tayabali anapiga kromu
kwa madumu manne na mashine ya umeme
aliyorithi kwa babake, pamoja na kikohozi.
Zamani waliletewa mikono ya baiskeli, vitanda vya hospitali,
mabirika ya maharusi.
Siku hizi vitu vinakuja vimeng'aa tayari,
vikichubuka vinatupwa.

Akautia kwenye tindikali. Ukachemka,
ukavua kutu, ukavua na ukubwa wake wote,
ukatoka wa kijivu kama kondoo aliyenyolewa.
Msasa: mia mbili, mia nne, elfu.
Kisha shaba. Kisha nikeli.
"Kromu ni mtandio tu," akasema. "Mwili ni shaba."

Halafu akasimamisha kidole. "Hapa pana bonde. Nilijaze?"

Bonde hilo nalijua.
Mwaka sabini na moja baba yangu,
msaidizi wa fundi katika gereji ya shamba,
aliuangusha mfuniko huo juu ya jeki.
Akakatwa mshahara miezi miwili,
na dada yangu hakwenda shule mwaka ule.
Nyumbani hatukuwahi kuwa na gari.
Tulikuwa na bonde lake.

Nikapiga Dar. "Jaza! Ilitoka kiwandani bila bonde."
Kweli. Ilitoka bila.

Akajaza shaba, akasugua, akajaza, akasugua.
Likaisha.
Ukatoka dumuni unang'aa hata naogopa kuushika:
humo mna uso wangu uliovimba pembeni, dirisha, nyaya za umeme,
kunguru mmoja anapita.

Kabla ya kuufunga nikampelekea mzee, Mabawa.
Macho yake yamefunga ukungu. Akapapasa juu,
pembe kwa pembe, akarudia.
"Siyo wenyewe. Umeuziwa feki."
Kisha akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwa ndani,
kromu isikofika, panapoonwa na mafuta tu,
na kidole kikagonga kilima.

Hakusema. Akakaa nao mapajani
mpaka chai yake ikaota utando.

Injini imewaka jana. Jirani mmoja ameanua nguo.
Na Mama Hizza kapiga simu asubuhi:
kuku wamelikataa beseni la bluu.