Njia ya Muoni

Mlimani Aragats, mita elfu tatu na ushei,
theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha
na barabara imefungwa tangu Novemba.
Shushanik anachochea jiko, anamenya kiazi,
anasikiliza mashine ikihesabu:
tik. Tik-tik. Kimya. Tik.

Kila mlio ni muoni mmoja
aliyepenya paa, sufuria, bega lake la kushoto,
hakubisha hodi wala hakuaga.

Alizaliwa kilomita kumi na tano juu ya kofia yake,
punje ngeni ilipoipiga hewa ikasambaratika.
Umri wake ni sekunde mbili ukizigawa kwa milioni.
Ukope wako ukishuka na kupanda
vizazi vyake elfu mia vimekwisha zikwa.
Hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita ataipata:
kwa umri huo, hata akikimbizana na mwanga,
atakata mita mia sita na kitu, afe.
Mita mia sita! Hazifiki
pale gari la theluji lilipokwama.

Na bado: tik.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Ya muoni nayo ni fupi, na hajasema uongo.
Kwake yeye, ametulia tuli;
mlima ndio unaomjia mbio,
na kijacho kwa mbio hizo huja kimebanwa.
Zile kilomita kumi na tano, kwake ni mita mia nne.
Aragats yenyewe imelala kama lavashi sinia,
upana ule ule, haijapungua jiwe mashariki wala magharibi,
ni kimo tu,
kimo peke yake, kilichomwelekea.

Na humo ndani Shushanik amesimama,
mrefu kama nusu ya kidole,
kiazi mkononi chembamba kama sarafu.
Hahisi kitu.
Magoti yanamuuma vile vile.

Jumapili Hrach alipiga simu kutoka Glendale.
"Dada, maisha yako yamesinyaa.
Chumba kimoja, jiko moja,
na kazi ya kuhesabu visivyoonekana."
Alisema hayo akiendesha gari, kutoka kazi ya kwanza kwenda ya pili,
kahawa mapajani, uso ukikatika katika kwenye kioo cha simu,
na Shushanik akamwona kaka yake
bapa kama tiketi iliyokwisha tobolewa.
Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.
Waliagana, kila mmoja akimhurumia mwenziwe.

Zamani, Gyumri, darasa lisilo na vioo,
mwalimu Vardges alichora rula mbili zinazopishana.
Hii yasema ile ni fupi. Ile yasema hii ni fupi.
Shushanik akanyoosha mkono: mwongo ni nani?
Mzee akafuta chaki kwenye suruali,
akafikiri mpaka kengele ikalia.
"Hakuna. Ila kupima kitu kinachopita
lazima uzishike ncha zake mbili kwa wakati mmoja.
Sasa waulize hao wawili,
huo wakati mmoja, kwa saa ya nani?"

Kiazi kinachemka. Anaandika daftarini
idadi ya saa iliyopita, anapigia mstari.
Hapa ni saa tatu usiku;
kwa Hrach ni saa tatu asubuhi.
Mishale imekaa mahali pale pale,
siku ndiyo iliyogeuka chini yake.

Anainua simu. Mtandao unasuasua kwa theluji.
Alikuwa amepanga maneno, tangu Jumapili ameyapanga,
makali, yenye takwimu,
na sauti ya kaka inapopasuka sikioni
yote yanamponyoka.

"Hrach," anasema, "hebu niambie,
huko kwako sasa ni lini?"

Tik.