Kuhifadhi

Bibi, juzi mezani uliniuliza, kijiko mkononi,
nani kanitia maneno haya kinywani.
Ulidhani ni chuo. Ulidhani ni simu.
Nikanyamaza, nikaosha vyombo,
nikavunja kikombe kimoja cha harusi yako.
Basi leo najibu kwa maandishi,
maana mbele yako ulimi wangu huwa mzito.

Ni jino la Kit.
Lile la nyuma, lililooza tangu Pasaka,
na daktari wa meno aliyekubali kuliandika jina lake
yuko mwendo wa saa mbili kutoka Haddlesby,
na basi la kwenda huko lilifutwa
mwaka ule ule waliotusimikia mlingoti wa bendera
katikati ya mzunguko wa barabara.
Alilia usiku kucha, ameuma taulo.
Ukaling'oa mwenyewe kwa koleo la marehemu babu,
ukampikia supu, ukasema: tutafanyaje.

Hilo *tutafanyaje*, Bibi.
Hilo ndilo lililonitia siasani.

Neno lenu sina ugomvi nalo.
Mhafidhina: mwenye kuhifadhi.
Nani anajua kuhifadhi kukuzidi wewe?
Septemba nzima nyumba inanuka siki,
vitunguu, matango, kabichi nyekundu,
kila chupa na mwaka wake kwa mwandiko wako wa kulala.
Hutupi kamba. Hutupi hata kifuniko.
Ndiyo maana nilimuuliza yule mgombea wako alipobisha hodi,
na utepe wake wa buluu kifuani:
ninyi mmehifadhi nini?
Maktaba? Sasa ni duka la kamari.
Wodi ya wazazi? Mama alimzaa Kit pale,
leo ni maegesho, unalipa kwa saa.
Akacheka. Akaniita binti mwerevu.
Akampa Kit kalamu.

Halafu Rasa.
Saa kumi na moja alfajiri yuko shambani anakata kabichi,
vidole vimepasuka kwa baridi,
na wewe ulimfumia mwanawe kofia,
ya manjano, yenye masikio.
Alhamisi utampigia kura mtu
anayesema foleni ya hospitali ni ndefu kwa sababu ya Rasa.
Foleni hiyo naijua. Nimesimama humo.
Rasa alikuwa nyuma yangu,
akanishikia koti nikaenda chooni.

Unasema zamani watu walijitegemea.
Mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Lakini wewe jana ulikula, Bibi,
na chungu kilikuwa cha wote.
Ulinisimulia mwenyewe, tukimenya vitunguu:
una miaka minane, unavishwa miwani shuleni
bila baba yako kutoa hata peni,
unatoka nje, unatazama juu,
na kwa mara ya kwanza unajua
kwamba mti una majani, moja moja.
Ulidhani ni rangi tu iliyomwagika.
Nani alilipia? Watu usiowajua.
Wenye kodi, wenye mikono kama ya Rasa.
Nataka mtoto mwingine ayaone yale majani.
Basi, ni hilo tu. Mengine ni kelele.

Wala usidhani wenzangu ni malaika.
Juma lililopita tulibishana saa mbili nzima
juu ya rangi ya mabango,
na mwenyekiti, Jolyon, hajawahi kukata kabichi maishani mwake.
Kuna usiku najiuliza kama tunaweza lolote.

Alhamisi nitakuja na gari saa nne,
magoti yako yasipande ile ngazi ya ukumbi wa kanisa peke yake.
Kura yako itaila yangu, yangu itaila yako,
na yule msimamizi atatupa penseli moja kwa zamu.
Tukitoka tukale chipsi.
Njoo na chupa ya vitunguu, ya mwaka juzi,
ile uliyosema bado haijaiva.
Na kikombe, nimekitia gundi.
Kinavuja kidogo.