Maelezo ya Zana Iitwayo Futa

Tartu, Januari. Theluji imeziba nusu ya dirisha la Leelo.
Jana wakala wa mashine alifuta kumbukumbu za maktaba,
rekodi elfu tatu, hadi kitabu cha mapishi alichoazima Bi Urve,
wala hakukosea: alisoma tulichoandika.
"Futa: hufuta rekodi."
Maneno matatu. Nani alimwambia zipi?

Sisi tulijua. Tulielewana kwa kikohozi,
kwa Urmas kuinua nyusi ukikisogelea kile kitufe.
Yeye haoni nyusi.
Kwake, kisichoandikwa hakipo.

Basi Leelo anaandika upya, kahawa imepoa:
"Hufuta rekodi moja tu,
ya kitabu kilichokwisha kurudishwa.
Usiitumie kusafisha orodha; kwa hilo ipo Panga.
Namba isipopatikana, itasema haipo.
Usibahatishe nyingine.
Kilichofutwa hurudishwa kutoka nakala ya akiba."

Sentensi hii ya mwisho aliiandika haraka,
kama mtu afungaye mlango kwa kisigino.

Saa tatu asubuhi wakala anasoma, anasimama, anauliza:
"Nakala ya akiba iko wapi?"

Leelo anamgeukia Urmas.
Urmas anamtazama Leelo.
Miaka sita.