Jicho la Dagaa

Jiwe lenyewe hata halikujaa ukucha.
Lilirushwa na lori la kokoto pale Mtambile,
likagonga mara moja, ta!
kama mtu apigaye hodi na hataki kuitikiwa.

Nikasema si kitu. Alama tu, jicho la dagaa,
chini kidogo ya ile stika ya Kijapani
ambayo mwaka wa tisa huu sijui inasema nini.

Siku ya tatu jicho likaota mguu.
Jua la saa saba likauvuta, mvua ikauvuta,
tuta la Kengeja likaumalizia:
ufa ukavuka kutoka kwangu mpaka kwa abiria.

Dawa zikaanza. Bikombo wa urojo: paka rangi ya kucha.
Shaame: dawa ya meno, tena ile nyeupe.
Khatib: usiwashe kiyoyozi,
kama kwamba kirikuu yangu inakijua kiyoyozi.
Na kila aliyepanda akanitupia methali ile ile
ya ufa na ukuta.
Nikawajibu: wahenga hawakuendesha kioo.

Askari wa Gombani aliufuata kwa kidole,
taratibu, kama asomaye ramani.
"Huu unafika Wete?"
"Unafika Konde, afande."
Akacheka mpaka kofia ikamcheza.
Kisha akaandika.

Unguja wakasema kipo, lakini cha toleo jengine,
hakikai. Cha kukaa kiko Dar.
Pesa ya kabati la arusi ya Riziki
ikapanda meli, na mwanangu hakusema neno,
alinipimia chai tu, akasahau sukari.

Kikaja Mkoani kimevikwa godoro,
kama mgonjwa arudishwaye kutoka Mnazi Mmoja.
Wachukuzi wanne, kila mmoja akimwambia mwenzake polepole.
Nikakilaza nyuma,
kioo kizima nyuma ya kioo kibovu,
nikaenda mwendo wa bibi arusi,
na kila tuta nikiliomba radhi.

Fundi Asaa, Machomane, hatumii kisu.
Ana uzi wa gambusi.
Mwanawe Faki ndani, yeye nje,
wakavutana, huyu akipeleka huyu akirejesha,
mpira ukilia sauti ya chini,
mpaka kile cha zamani kikaachia.

Na upepo ukaingia.
Karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya njia,
mbichi, kali, zikanijaa kifuani.
Miaka yote napita hapa, nazipakia, nazishusha,
sijapata kuzinusa hivi.
Nikatamani Asaa achelewe kidogo na gundi yake.

Hakuchelewa.
"Mlango usiubamize. Dirisha liache wazi kidogo.
Mpaka kesho saa kama hizi,
gari hii ni mzazi, haitoki."
Nikalala hapo hapo, shuka kichwani.
Asubuhi nikakuta nyayo za paka, zimepanda, zimeshuka,
zimeonja kioo cha pesa ya kabati.

Kile kibovu kimeegemezwa uani, kuku wanajitazama.
Faki akaielekezea stika simu yake,
simu ikafikiri, ikasema:
tarehe ya ukaguzi. Imepita zamani.

Mimi nilidhani ni dua.
Kila alfajiri kabla ya kuwasha nilikuwa nikiigusa,
bismillahi, kisha ufunguo.
Sikumwambia Faki.

Kioo kipya ni safi hata kinatisha.
Nanyoosha mkono nihakikishe kipo.
Jicho langu bado linashuka pale pale
kuutafuta ufa, linaukosa,
linarudi barabarani kwa aibu.

Nilipokaribia Mtambile
lori la kokoto likatokea mbele yangu, limejaa, linadondosha.
Nikaweka gari pembeni.
Nikanunua chane ya ndizi nisiyoihitaji,
nikauliza bei ya muhogo, nikauliza hali ya watoto,
mpaka vumbi likatua.