Kichuguu

Mimi ndiye niliyedaka.
Tazama kidole hiki cha shahada kilivyopinda:
kazi ya Mihayo, tulipokuwa darasa la sita Bukene
na glovu yangu ilikuwa gunia la tumbaku
lililokunjwa mara nne.

Alijifunzia majarubani kwa baba yake.
Kwelea wakishuka, wingu lisilo na adabu,
sisi wengine tulipiga madebe, tukapiga mayowe.
Yeye alipanda kichuguu, akafinyanga bonge la udongo,
akachagua ndege mmoja.
Mmoja, katika elfu kumi.
"Ukiwarushia wote," alisema, "humpati hata huyo."

Kwa hiyo walimu wa kujitolea walipotuletea besiboli,
jina tulilolitafuna wiki nzima bila kulimeza,
wakaeleza kwamba mrushaji husimama juu ya kilima kidogo,
tulicheka:
kumbe kichuguu!
Akakipanda kama mtu aliyerudi kwao.

Akachukuliwa. Mkataba kurasa kumi na nne.
Ukiuliza mtaani yuko wapi, unajibiwa, "Ng'ambo,"
na yupo mjomba wake mmoja aliyefunga safari na kuku wawili
akamtafuta siku nzima hapa Tabora, Ng'ambo yetu hii,
nyumba kwa nyumba.

Misimu mitatu.
Kisha zamu ya saba ya mechi isiyo na maana,
mvua imetishia tangu asubuhi,
akasikia sauti. Si maumivu. Sauti:
kamba ya mzinga inapokatika mtini
na mzinga bado una asali.

Wakamtoa kano kwenye kifundo cha kushoto
wakaishona kiwikoni, kulia.
"Mkono umekopa kwa nduguye," aliniambia kwenye simu.
"Riba sijaambiwa."

Nilimpokea mwenyewe, stesheni, saa kumi alfajiri,
mimi karani wa vifurushi:
begi moja, na mkono uliofungwa
ambao sikuwa na fomu ya kuuandikia.

Mama yake, Nyanzala, muuza asali,
hakulia. Alimpa donge la nta.
"Minya."
Mchana nta hulegea, hukubali kila neno.
Asubuhi za Juni ni jiwe.
Aliminya msibani, aliminya kinyozi,
aliminya akisikiliza watu wakisema
*si ndiye yule.*

Mwezi wa nane tukaenda nyuma ya ghala la reli.
Hatua kumi tu. Mpira ukaanguka kabla ya kunifikia,
ukabiringika hadi kwenye kiatu changu
kama mtu anayeomba radhi.
Nikauokota. Nikamrudishia.
Hatukuzungumza mpaka Isevya.

Sitakudanganya kwamba mkono ulirudi. Uliokuja ni mwingine.
Bwana aliyetumwa kumkagua alikuja na kibunduki cha mwendo,
kama cha trafiki wa barabara ya Nzega.
Zamani: mia na hamsini na mbili.
Siku hiyo: mia thelathini na saba.
Akaandika, akafunga daftari, akaomba soda.

Ndipo Mihayo akaniashiria kwa kidevu, nichuchumae.
Mpira huu sikuufahamu.
Ulikuja taratibu, mgeni mstaarabu,
ukafika mlangoni, ukabisha hodi,
na mpigaji alipofungua kwa gongo lake lote
haukuwepo.
Ulikuwa chini, kwangu, kwenye vumbi.
Yule kijana akageuka kunitazama kama mimi ndiye mchawi.

Bwana akaweka soda chini.
"Tena," akasema.

Daraja la pili, nusu ya mshahara, miezi sita.
Alitia saini kwa mkono wa kushoto,
sijui kwa heshima au kwa mzaha.

Treni ilichelewa saa tano, tukala mihogo jukwaani.
Nta aliniachia: "Ya kidole chako."
Iko hapa, juu ya meza ya risiti.
Ina mabonde manne, marefu kuliko vidole vyangu.
Naminya pembeni,
nisije nikayafuta.