Jiwe la Foleni

Jumanne, saa tatu kasoro, Barabara ya Lincoln, Peterborough.
Mvua ile nyembamba isiyojua kunyesha wala kukoma.
Duka la Danutė bado limefungwa.
Zamani lilikuwa benki; juu ya mlango
yamebaki matundu ya skrubu zilizoshika herufi,
na kwenye chumba cha hazina, ambacho mafundi walishindwa kukibomoa,
wamelala samaki wa moshi.

Mimi natoka zamu ya usiku.
Ghala letu halina dirisha wala kibao cha jina,
ungeliingiza Cheyo yote na Isevya yote
ukabakiwa na uwanja wa mpira.
Usiku huu nimefunga kwenye maboksi
kucha za bandia, chakula cha paka, birika,
kitabu cha kujifunza kuridhika.
Mtu kabofya akiwa kitandani, mimi nimetembea maili tisa.
Soko siku hizi halina mahali.
Lina miguu, na miguu ni yangu.

Themanini na tatu, Tabora, mama aliniamsha saa kumi alfajiri
nikaweke jiwe mbele ya duka la ushirika.
Jiwe letu lilikuwa na kovu jeupe, likajulikana kama mtu.
Mbele yake kopo la Mama Nyamizi,
nyuma yake kandambili moja ya Mzee Lugembe,
ya pili amebaki nayo mguuni.
Tuliiba kuni za misheni, tuliiba hata kengele ya shule,
jiwe la foleni hakuna aliyeligusa.
Saa nne mlango unafunguka:
sabuni mche mmoja kwa kaya,
au unga wa yanga,
au hakuna.
“Leo hakuna,” mama alilipokea kama risiti,
akalikunja, akaenda nalo nyumbani.

Kisha ikaja ruksa.
Maduka yalijaa kabla ya mifuko.
Jiwe likarudi kuwa jiwe.

Danutė alinisimulia ya kwao huku akikata soseji.
Kaunas, mama yake hakutoka bila mfuko wa wavu,
na mfuko wenyewe waliuita Huenda.
Ukiona foleni unaingia kwanza,
unauliza baadaye wanauza nini.
Siku moja alirudi na viatu viwili, vyote vya kushoto,
akavitunza miaka sita,
maana mjini lazima alikuwepo mtu mwenye vile vya kulia.
Halafu vibanda vya chuma, usiku mmoja, kama uyoga.
Halafu jumba la vioo nje ya mji, lenye ngazi zinazojipandisha;
Jumapili watu walikwenda kuzipanda tu,
wakashuka, wakarudi kula viazi.

Na hapa? Duka kubwa la katikati ya mji limekufa,
sanamu moja ya nguo imeachwa dirishani, imetupa mgongo.
Wenye magari wako barabara ya mzunguko
wakisukuma vitoroli kuelekea mashine
inayomshuku kila mtu kwa adabu.
Benki nazo zimehama, hazikusema wapi.
Kaunta ya posta iko kwa Danutė,
Jumanne na Alhamisi, kati ya kabichi chachu na mishumaa.

Leo sikumkuta mtu mlangoni.
Nimekuta mkoba wa magurudumu, wa mirabamiraba, umesimama wima.
“Huo ni mimi!”
Sauti kutoka kituo cha basi. Bi Hazel Pridmore,
miaka themanini na moja, miguu imevimba, glavu moja hewani.
Mama yake alikuwa akiacha kikapu, anasema,
enzi za vitabu vya mgao,
na ole wake aliyekisogeza.

Nikatafuta chini.
Mji huu hauna mawe, ni mji wa matofali.
Karibu na mfereji nikapata kipande, kimemeguka pembe,
nikakiweka nyuma ya mkoba, nikaenda kukaa naye.

Akaja kijana, masikioni waya.
Akautazama mkoba. Akalitazama tofali, muda mrefu kidogo.
Akatutazama sisi.
Akasimama nyuma ya tofali.