Gari la Mkate

Tulilinunua Mbale, kwa mwoka mikate aliyefilisika,
jeupe kwa jina tu.
Ubavuni bado limeandikwa MKATE MTAMU KILA ASUBUHI,
na Obbo akakataa kulipaka.
"Rangi," akasema, "ni dizeli ya kufika Moroto."

Watoto walitaka tujenge vyumba vya kupangisha.
Walikuja na ramani, na fundi, na hesabu ya bati.
Miaka sita tumeifuata pensheni ya reli Kampala,
faili likipotea, likionekana, likidai picha nyingine;
ilipotoka, goti la Obbo lilikuwa limetangulia kutoka.
Nikawaambia: nimezalisha wanawake elfu tatu na ushei,
vyumba nimeshavijaza vya kutosha.

Basi godoro tukalilaza zilipokaa trei,
jiko la mkaa, jerikeni mbili,
kopo la dawa zake za presha lililokazwa kwa mpira wa baiskeli.
Usiku wa kwanza, Kumi, nyuma ya kituo cha polisi,
harufu ya hamira ikatupandia kutoka kwenye mbao
tukalala kama maandazi mawili yanayongoja kuumuka.

Hatulipii pa kulala. Hilo ni sharti la Obbo,
aliyelala miaka thelathini na minne katika nyumba za reli
na siku moja akaambiwa: mzee, funguo.
Tunapiga hodi. Shule wakati wa likizo,
uwanja wa kanisa, ukumbi wa mashine ya kusaga,
na mara moja, Katakwi, katikati ya makaburi, kwa kosa la giza.
Asubuhi Obbo akawasalimu wenyeji kwa majina, msalaba kwa msalaba,
akashukuru,
tukaondoka bila kuwasha jiko.

Kila kijiji watoto wanalikimbilia gari.
Mkate! Mkate!
Mama zao wanafungua mafundo ya leso.
Nashuka kueleza. Kueleza kunachosha.
Soroti nikanunua mikate ishirini,
nikaiuza kwa bei ileile, nikapumua.

Namalu, chini ya mlima Kadam,
akatujia kijana, Lokwang, shuka begani, kigoda mkononi.
Akalizunguka gari mara mbili kama anayenunua fahali.
Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, changu cha wodi;
vikakutana.
"Mnahama?"
"Tunahama."
"Ng'ombe wako wapi?"
Obbo akageuka kutazama nyuma. Kweli aligeuka,
kama mtu aliyewasahau darajani.
"Hatuna."
Kijana akakaa kimya hadi vumbi likatua.
"Sasa mnalisha nini?"

Mwenye mifugo kila bonde linamjua.
Anayehama mikono mitupu ni mwizi, ama mgonjwa,
ama ni serikali.
Tulilitafuta jibu, usiku ukatukuta tunatafuta.
Lokwang akalaza kichwa kwenye kigoda chake
hatua kumi kutoka gurudumu letu,
akilinda. Sisi, au dhidi yetu, hakusema.

Ndani, kwa lugha ya kwetu, Obbo akaninong'oneza:
"Nikifia huku, Nyaketcho, nani atanifikisha Tororo?"
Nikalishika lile goti.
"Gari si lipo? Nitakupanga kwenye trei."
Akacheka hadi springi zikalia,
na nje nikamsikia yule kijana naye akicheka,
hajaelewa neno hata moja.

Alfajiri betri imekufa.
Akawaita wenzake watano kwa mluzi, wakasukuma,
Obbo akiusemesha usukani kama treni iliyochelewa,
na lilipokohoa, likawaka, nikampa Lokwang mkate wa mwisho
kupitia dirishani.
Aliunusa kwanza.
Kisha akanyoosha fimbo kuelekea kaskazini:
kule kumenyesha, nyasi ni nzuri, msichelewe.

Tukaenda kuziona.